"Si Polio": Jibu Linalofunga Faili la Mtoto Aliyepooza

Agosti 2014, hospitali za watoto za Kansas City na Chicago, nchini Marekani, zilianza kufurika watoto wanaopumua kwa shida. Mafua, kikohozi, kifua kinachobana kama cha mwenye pumu, hata kwa watoto ambao hawakuwahi kuugua pumu. Maabara ya kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, ikamtaja mhusika: enterovirusi D68, wa ukoo mmoja na kirusi cha polio. Si kirusi kipya. Kilitambuliwa California mwaka 1962, kikakaa miongo kadhaa kikionekana kwa nadra tu, na hakuna aliyekiogopa.

Kilichofuata ndicho kilichotisha. Jirani na mji wa Denver, madaktari wa Hospitali ya Watoto ya Colorado wakaanza kupokea watoto waliokwisha kupona mafua, au walioelekea kupona, ambao asubuhi moja waliamka na mkono usioinuka. Wengine uso umepinda upande mmoja, wengine wanashindwa kumeza. Picha za MRI zilionyesha uharibifu mahali mahususi: sehemu ya kijivu ya ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, hasa upande wa mbele zinakokaa seli zinazoamuru misuli. Daktari yeyote aliyesoma polio chuoni anaifahamu picha hiyo. Lakini Marekani ilikomesha maambukizi ya ndani ya polio tangu mwaka 1979, na vipimo vya watoto hawa vilitoka safi. Hawakuwa na polio.

Hadi mwisho wa mwaka huo watoto waliothibitishwa nchini kote walifika 120. Mwaka 2015 wakapungua hadi ishirini na wachache, na wengi wakadhani jambo limepita. Mwaka 2016 wakarudi zaidi ya 140. Mwaka 2017 kimya tena. Mwaka 2018 wakawa 238, idadi kubwa kuliko zote hadi leo. Ugonjwa ukapewa jina lake, acute flaccid myelitis, kwa kifupi AFM, ukatofautishwa na kupooza kwingine. Wazazi wakaungana, wakaishutumu serikali kwamba inavuta miguu, na Novemba 2018 CDC ikaunda kikosi maalumu cha wataalamu.

Nimeanza na Marekani kwa sababu ya namna walivyokataa kuridhika na jibu la kwanza. Kesi ya D68 haikuwa rahisi kuithibitisha. Ukimchoma mtoto sindano ya mgongoni na kupima maji ya uti wa mgongo, karibu kila mara kirusi chenyewe hakionekani, kwa kuwa hadi kiungo kinalegea kirusi kimekwisha kupita. Kwa miaka minne wapo wataalamu waliosema ushahidi haujatosha, na kwa haki kabisa. Mwaka 2017 watafiti wa Colorado wakaonyesha kwamba aina za D68 za mwaka 2014 zikiingizwa kwa panya wachanga huwapooza, na kirusi kinakutwa ndani ya seli zilezile za ugwe mgongo. Mwaka 2019 kundi la Chuo Kikuu cha California, San Francisco, likaacha kumtafuta kirusi na kutafuta nyayo zake, yaani kingamwili ambazo mwili hutengeneza kupambana nacho. Kati ya watoto 42 wenye AFM, asilimia 69 walikuwa na kingamwili dhidi ya enterovirusi katika maji ya uti wa mgongo. Kwa watoto wa kulinganisha waliokuwa na magonjwa mengine ya neva, ilikuwa asilimia 7 tu. Kisha mwaka 2022 ikachapishwa taarifa ya tishu zilizohifadhiwa za mtoto wa miaka mitano aliyefariki mwaka 2008. Chembe za urithi za D68 zilikutwa ndani ya seli za kuamuru misuli. Miaka kumi na minne ilipita tangu kifo chake hadi jibu hilo kuchapishwa.

Sasa tuje kwetu.

Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na majirani zao wana mfumo wa kuwatafuta watoto waliopooza ghafla ambao Marekani ya mwaka 2014 haikuwa nao. Kwa wahudumu wa afya ni herufi tatu tu, AFP, yaani kupooza kwa ghafla kwa kulegea, kwa sababu yoyote ile. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla bila ajali, zahanati inapaswa kuripoti wilayani siku hiyohiyo. Mratibu wa chanjo anafuatilia, kwa pikipiki mara nyingi, na kuchukua sampuli mbili za kinyesi zilizopishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, kila sampuli ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Zinafungwa kwenye boksi la baridi lenye barafu na kusafirishwa hadi maabara zilizoidhinishwa za ukanda huu, kama zile za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, jijini Nairobi, na UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda, kule Entebbe.

Sina dharau hata kidogo kwa mfumo huu. Ni miongoni mwa mambo ya afya ya jamii yaliyofanywa vizuri kuliko mengine yote barani. Tanzania ilimwona mtoto wake wa mwisho mwenye polio ya mwituni, yaani ya kirusi cha asili kisichotokana na chanjo, mwaka 1996, mkoani Mtwara, na ikaweza kuithibitishia dunia kwamba haina tena, kwa sababu tu ilikuwa ikiendelea kutafuta. Mwaka 2022 kinyesi cha mtoto mmoja wa Lilongwe, Malawi, aliyepooza Novemba ya mwaka uliotangulia, kiligundulika kuwa na polio ya mwituni yenye nasaba na ile ya Pakistan. Mamilioni ya watoto wa nchi tano wakachanjwa kwa matone, wakiwamo wa Tanzania. Mwaka 2023 Burundi ikatangaza mlipuko wa polio itokanayo na kirusi cha chanjo kilichobadilika, na mwaka huohuo mtoto mmoja wa Rukwa akathibitika kuwa na polio ya aina hiyo, kampeni ikaendeshwa katika mikoa sita ya magharibi na nyanda za juu kusini. Bila boksi la baridi na pikipiki, hakuna kati ya haya ambalo lingejulikana mapema.

Ila mfumo ulijengwa kujibu swali moja: je, hii ni polio? Jibu likiwa "hapana", umemaliza kazi yake. Nadhani hapo ndipo tunapokosea, na tumekosea kwa muda mrefu kiasi kwamba kosa limekuwa utaratibu. "Si polio" ni habari njema kwa Wizara, kwa Shirika la Afya Duniani na kwa wafadhili. Kwa mtoto aliyelala kitandani mguu mmoja umelegea tepwetepwe, si utambuzi wa ugonjwa. Mama anaambiwa, "Mama, majibu yametoka, mtoto hana polio, mshukuru Mungu." Anashukuru. Akiuliza, "Sasa ana nini, daktari?" hakuna karatasi ya kujibu hilo.

Tazama maabara inavyofanya kazi. Sampuli huoteshwa kwenye aina mbili za seli. Moja, iitwayo L20B, ni seli za panya zilizobadilishwa kitaalamu ili zibebe mlango ambao kirusi cha polio hupitia kuingia kwenye seli za binadamu. Ni kichujio cha werevu mkubwa, kinachopitisha polio na kuacha karibu ndugu zake wote. Nyingine, RD, ni seli za binadamu zinazokubali enterovirusi nyingi. Kikiota kitu kwenye RD kisichoota kwenye L20B, ripoti huandikwa kwamba ni enterovirusi isiyo ya polio. Ni ipi kati ya aina zaidi ya mia moja zinazowaambukiza binadamu? Kwa kawaida hakuna anayeuliza.

Tena kuna jambo ambalo kila nikilifikiria naona limebeba hoja yangu yote. Enterovirusi zisizo za polio zina kazi rasmi katika mfumo huu. Maabara zinatarajiwa kuziotesha katika takribani asilimia 10 ya sampuli au zaidi, na kiwango hicho hutumika kama kipimo cha ubora: kikishuka sana, watu wanashuku kwamba barafu iliyeyuka njiani au maabara imelegea. Kwa hiyo kirusi kinachoweza kuwa ndicho kilichomlaza mtoto huhesabiwa kama uthibitisho kwamba boksi la baridi lilibaki baridi.

Kuhusu D68 hali ni mbaya zaidi, maana sampuli yenyewe si mahali pake. Ingawa ni wa ukoo wa virusi vya tumboni, D68 ana tabia za kirusi cha mafua. Asidi ya tumbo humwua, hupendelea nyuzi joto 33 za puani kuliko 37 za ndani ya mwili, na husambaa kwa kupiga chafya na kukohoa. Mahali pa kumtafuta ni puani na kooni, na haraka, kwa kuwa mtoto hulegea kwa kawaida ndani ya wiki moja baada ya mafua kuanza, na kila siku ipitayo kirusi kinazidi kuadimika. Sisi tunatafuta chooni, ndani ya wiki mbili.

Mtu ataniuliza: una uhakika gani kwamba D68 anapooza watoto wa Afrika? Swali zuri, na jibu lililopo limetoka Dakar. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya mji huo walizirudia sampuli za kinyesi za watoto wa nchi kadhaa za Afrika Magharibi waliopooza mwaka 2016, ambao mfumo ulikwisha kuwapa jibu la "si polio". Hawakusafiri kokote kutafuta wagonjwa wapya. Walifungua majokofu, wakapima tena wakimtafuta D68 kwa jina lake, na wakamkuta, wa tawi lilelile lililokuwa likizunguka duniani mwaka ule. Kama alionekana kwenye kinyesi, ambako ni vigumu kumpata, nashindwa kuamini kwamba puani hakuwepo kwa watoto wengi zaidi.

Hata hivyo kumkuta kirusi kwa mtoto aliyepooza hakutoshi kumtia hatiani. Watoto wetu, hasa pale maji safi na vyoo ni vya mashaka, hubeba enterovirusi za kila aina matumboni wakiwa wazima na wakicheza mpira. Ukipima kijiji kizima utazipata. Ndiyo maana kazi ya kingamwili na ya MRI ilihitajika Marekani, na ndiyo maana sitaki mtu yeyote asome makala haya akatoka akisema kila mtoto aliyelegea ana D68. Wapo wenye ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva. Wapo wenye kifua kikuu cha uti wa mgongo. Yupo ndugu mwingine wa D68, enterovirusi A71, anayeleta vipele vya mikononi, miguuni na mdomoni, na ambaye mwaka 1998 aliua watoto 78 Taiwan. China ina chanjo dhidi yake tangu miaka kumi hivi iliyopita, sisi hatujui hata yupo kwa kiasi gani.

Na wapo tuliowapooza wenyewe, kwa sindano.

Hili linahitaji nafasi kidogo kwa sababu linazungumzwa kwa kunong'ona. Mtoto ana homa. Mzazi amefika duka la dawa au zahanati, na moyoni haamini kwamba ametibiwa hadi mtoto achomwe. Sindano inapigwa kwenye kalio, chini kidogo ya panapostahili au ndani kidogo, na dawa inamwagika jirani na neva kuu ya mguu. Jioni mguu unaburuzika. Madaktari wa Uganda waliandika tangu miaka ya 1990 kuhusu watoto waliopoteza nguvu za mguu baada ya kudungwa kwinini kalioni, na ni mwaka 2011 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa ya artesunate badala ya kwinini kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali. Kwinini ya sindano imepungua. Hamu ya sindano haijapungua. Imehamia kwenye antibiotiki.

Watoto hawa nao huingia kwenye AFP, kinyesi chao hupelekwa maabara, jibu linarudi: si polio. Zahanati iliyochoma sindano haiambiwi kitu, maana hakuna aliyeulizwa. Kama kila faili la namna hiyo lingefuatwa hadi mwisho, wilaya ingejua ni wapi sindano zinapigwa ovyo, na hilo lingezuia ulemavu mwaka unaofuata bila kununua mashine yoyote. Kuna jambo la zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Uingereza na Australia walionyesha kwamba mtoto akiwa na kirusi cha polio mwilini bila dalili, sindano ya msuli huongeza uwezekano wa kupooza kiungo kilekile kilichochomwa. Kwa hiyo sindano na kirusi vinaweza kushirikiana, na kutenganisha "kesi ya sindano" na "kesi ya virusi" mezani kunaweza kuwa kujidanganya.

Ni watoto wangapi tunaowazungumzia? Fanya hesabu pamoja nami. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na zaidi ya asilimia 40 yao ni watoto wa chini ya miaka 15. Kigezo cha chini cha kimataifa cha mfumo ulio macho ni kugundua angalau mtoto mmoja aliyepooza bila polio katika kila watoto 100,000 kwa mwaka, na nchi zilizo katika hatari hutakiwa kufikia wawili. Kwa wawili, Tanzania peke yake inatakiwa kuwa na si chini ya watoto 500 kila mwaka waliolegea ghafla, wakachunguzwa, na wakaambiwa hawana polio. Idadi hiyo ikitimia, wilaya inapongezwa. Sijui kama kuna ugonjwa mwingine ambao tunafurahia kuwapata wagonjwa wengi namna hiyo halafu tukawaacha mlangoni.

Miongozo inataka baadhi yao, hasa wale ambao sampuli zao hazikutosha, wakaguliwe tena siku 60 baadaye kuona kama ulegevu umebaki. Ukaguzi huo nao ni kwa ajili ya kamati ya kuainisha kesi, iamue kama huenda polio ilikosewa. Haujaundwa kumpa mtoto mazoezi ya viungo wala kumwelekeza kwa daktari wa mifupa.

Tukisema hatuna utamaduni wa kuuliza "basi ni nini?", tunajisingizia. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, mkoani Mara, watu walianza kukakamaa miguu ghafla, wengi wao watoto na wanawake. Ulikuwa upoozaji wa aina nyingine kabisa, wa misuli kukaza badala ya kulegea. Daktari William Howlett na wenzake, miongoni mwao Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, hawakuridhika kuandika kwamba si polio na kuondoka. Walikwenda majikoni. Wakakuta kwamba kwa sababu ya njaa watu walikuwa wakila mihogo michungu bila kuiloweka au kuianika muda wa kutosha, sumu yake ikibaki kwenye unga. Ulikuwa ugonjwa wa konzo, uliokwisha kuelezwa Kongo tangu miaka ya 1930. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 1990 na hadi leo unatajwa duniani kote. Hawakuwa na MRI Tarime. Walikuwa na swali la pili.

Kuanza hakudai hospitali mpya. La kwanza ni kijiti cha puani. Janga la korona lilituachia wahudumu waliozoea kuchukua sampuli puani, na mashine za kupima vinasaba hadi mikoani, na nchi zetu zina vituo teule vya kufuatilia mafua. Mtoto anayelegea na ambaye mama anasema alikuwa na mafua wiki iliyopita, achukuliwe sampuli ya pua siku hiyohiyo ya kwanza, kabla ya kusubiri choo. Gharama ya nyongeza ni kijiti na chupa, kwani boksi la baridi linasafiri hata hivyo. Pili, sampuli zilizoota enterovirusi isiyo ya polio zitambuliwe aina yake, walau sehemu yake, na majokofu ya Entebbe na Nairobi yafunguliwe kama yalivyofunguliwa ya Dakar. Tatu, na kwangu hili lina uzito kuliko yote mawili, fomu ya AFP isifungwe bila mstari unaosema mtoto amepelekwa wapi kwa mazoezi ya viungo na nani atamwona tena.

Najua pingamizi. Watu wa polio watasema, na nimesikia wakisema, kwamba ukiupachika mfumo mzigo mwingine utauangusha. Kwamba mratibu mmoja wa wilaya tayari ana surua, pepopunda ya watoto wachanga na kampeni za chanjo juu ya kichwa. Nawaelewa. Wanaongeza kwamba AFM haina tiba, na hili nalo ni kweli: dawa za kupunguza uvimbe, kingamwili za kudungwa mshipani, hata kubadilisha plazima ya damu, zote zimejaribiwa na hakuna iliyothibitika. Kwa nini utafute usichoweza kutibu? Lakini kutokuwa na dawa si kutokuwa na la kufanya. Mtoto mwenye AFM anaweza kupoteza nguvu za kupumua ndani ya saa chache, na anayejua hilo atamlaza karibu na mashine ya kupumulia badala ya kumrudisha nyumbani. Mazoezi ya viungo yanayoanza mapema huzuia kiungo kukakamaa na kupinda. Kwa baadhi, upasuaji wa kuhamisha neva yenye afya kwenda kwenye msuli uliopooza umerudisha uwezo wa kuinua mkono, na upasuaji huo una muda wake. Ukichelewa mwaka na zaidi, msuli umekwisha kuyeyuka. Hayo yote yanahitaji mtu ajue mapema kwamba ugonjwa upo.

Mzazi anayesoma hapa na moyo umeanza kwenda mbio atulie. AFM ni nadra sana. Walio wengi mno kati ya wanaopata D68 huishia na mafua tu. Dalili ya kukimbia nayo hospitali ni mtoto ambaye, siku chache baada ya homa au mafua, mkono au mguu unalegea ghafla, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine, au uso unapinda, kope linashuka, sauti inabadilika, anapaliwa na maji. Asichuliwe wala kukandwa kwanza, asipitishwe kwa mtu wa kutoa upepo mbaya, na asipigwe sindano ya msuli dukani "kumtuliza". Aende hospitali usiku huohuo, na mhudumu aambiwe waziwazi kuhusu yale mafua na sindano yoyote aliyopigwa kabla. Taarifa hizo mbili, wanaozijua ni wazazi.

Kuna sababu ya kulisema hili sasa. D68 alikuwa akirudi kila baada ya miaka miwili Marekani hadi barakoa za mwaka 2020 zilipovuruga ratiba yake. Mwaka 2022 alirudi kwa nguvu, lakini wagonjwa wa AFM hawakuongezeka kama ilivyotarajiwa, na wataalamu wanaendelea kubishana kwa nini: pengine kirusi kimebadilika, pengine kinga ya watoto. Ni swali ambalo haliwezi kujibiwa na Denver peke yake. Linahitaji watoto wa mahali ambapo enterovirusi zinazunguka mwaka mzima.

Na wakati huohuo pesa za polio zinapungua. Wafadhili wa mpango wa kutokomeza polio wamekwisha anza kukata bajeti, na mpango wenyewe ulibuniwa ufike siku ufungwe. Sehemu kubwa ya mafuta ya pikipiki, barafu, posho za wafuatiliaji na mishahara ya watu wa maabara hutoka humo. Siku polio ikiisha, au pesa zikiisha kabla ya polio, wizara zetu zitaulizwa kama zinataka kuendelea kulipia mfumo ambao hazijawahi kuupa kazi nyingine. Ukiwa bado unajibu swali moja tu, waziri wa fedha atakuwa na haki ya kuufuta. Bajeti za chanjo huandaliwa wilayani kila mwaka, na mstari wa vijiti vya pua na mtaalamu wa mazoezi ya viungo bado haumo.